Shajara ya mradi: nakala za jeni za Hox kwa samaki wa ziwa letu

Agosti, tunaanza

Haya, kazi imeanza. Mradi ni wa kuchora miti ya ukoo ya jeni zinazopanga mwili wa wanyama wenye uti wa mgongo, hasa zile za Hox, ila tunataka wanyama wenyewe wawe wale wa Ziwa Victoria ambao mtu wa Mwanza akisikia tu anawajua, sato (tilapia), furu (visamaki ndugu wa sato), kamongo, afu tunawaweka pembeni ya kuku, panya na binadamu tuone nakala zipi zimebaki kwa nani na zipi zimepotea. Hatuna maabara ya DNA na wala hatukamati samaki kwa ajili ya hii kazi, mzigo wote unatoka kwenye hazina za jenomu (DNA yote ya mnyama) zilizo wazi mtandaoni, tunatumia laptopu zetu na kompyuta moja ya mezani tuliyoazimwa hapa Nyegezi. Tuko watatu, mimi, dada mmoja anayefundisha baiolojia kidato cha tano na sita, na mdogo wetu wa kompyuta ambaye kabla ya hapa alikuwa anaandika programu za maduka. Tunachotaka ni wanafunzi wa dada wapate mti wenye samaki wa kwao, maana vitabu vyote wanavyosoma vinaanza na nzi vinaishia na panya, sato hayupo popote.

Kwa ambaye hajawahi kukutana nazo: Hox ni familia ya jeni zinazoiambia mimba changa hapa ni shingo, hapa kifua, hapa mkia. Zilianza kueleweka kwa nzi wa matunda, Edward Lewis alikaa miaka na miaka akichunguza nzi waliozaliwa na mabawa manne badala ya mawili, na mwaka 1984 watafiti wakakuta kwenye jeni za namna hiyo kuna kipande cha herufi 180 za DNA kinachojirudia, wakakiita homeoboksi. Kipande hicho kinatengeneza sehemu ya protini yenye amino asidi 60, na hiyo sehemu ndiyo inayoshika DNA na kuwasha au kuzima jeni nyingine. Lewis alipewa Nobel 1995 pamoja na Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus. Sasa kitu ambacho mimi kila nikikisoma nasimama kidogo, hizi jeni zimekaa kwenye kromosomu kwa foleni, na foleni yenyewe inafuata mwili, za upande mmoja zinafanya kazi karibu na kichwa, za upande wa pili zinafanya kazi mkiani. Na iko hivyo kwa nzi, kwa panya, kwa wewe unayesoma.

Agosti, hesabu za kwanza

Kabla ya kuchora chochote tumehesabu tu, na hesabu peke yake inatosha kumkalisha mtu chini.

Nzi wa matunda ana Hox 8. Amfioksi, kamnyama kadogo ka baharini kanakojifukia mchangani, kana umbo la samaki ila hakana mfupa hata mmoja, kana kishada kimoja cha Hox, yani foleni moja, chenye jeni 15. Binadamu ana 39, zimekaa vishada vinne, kishada A kiko kromosomu ya 7, B ya 17, C ya 12, D ya 2. Sato ana vishada saba.

Moja, nne, saba. Mwaka 1970 Susumu Ohno alishasema kwamba wanyama wenye uti wa mgongo wamepata jeni zao nyingi kwa jenomu kujinakili, na nakala ya ziada ndiyo inayopata uhuru wa kubadilika kwa sababu ya kwanza bado inafanya kazi ya zamani. Wakati ule hakukuwa na jenomu hata moja iliyosomwa. Leo ushahidi umejaa, jenomu nzima ilijirudufu mara mbili mwanzoni kabisa mwa ukoo wetu, zaidi ya miaka milioni 450 iliyopita, kwahiyo kishada kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne. Afu kama miaka milioni 320 hivi iliyopita samaki wa kundi linaloitwa teleosti wakarudufu tena ya kwao peke yao, vinne vikawa vinane, kimoja kikapotea. Teleosti ndio karibu samaki wote unaowaona sokoni, sato, furu, sangara, mumi, dagaa. Kamongo hayumo, na ndiyo maana tunamtaka sana kwenye mti.

Agosti, Mwaloni

Leo asubuhi tumeenda mwalo wa Kirumba mimi na dada, yeye alikuwa anataka mifupa ya samaki ya kuonyesha darasani. Tukamkuta mzee mmoja ana kamongo wabichi wamelazwa kwenye turubai, tukamwamkia, tukamwambia tunasoma habari za kamongo kwenye kompyuta. Akatuambia, "Wanangu, huyu msimhesabu na hao wengine, huyu anapumua kama nyie, mkimzuia chini ya maji asipande juu anakufa." Na ndivyo ilivyo, kamongo wa Afrika akishakuwa mkubwa hawezi kuishi kwa matamvua peke yake, ana mapafu na lazima apande kuvuta hewa. Dada akamuuliza mapezi yake yakoje, mzee akamnyanyua akatuonyesha, mapezi ya kamongo yamekuwa membamba kama kamba, mawili mbele mawili nyuma, hayana ule upepeo wa pezi la sato.

Ukimweka kwenye mti wa ukoo, kamongo yuko karibu zaidi na wewe kuliko alivyo karibu na sato aliyelazwa turubai la pili. Dada amesema hilo ndilo litakuwa somo lake la kwanza, atawauliza wanafunzi kamongo, sato na binadamu nani ni ndugu wa nani, na anajua karibu wote watasema samaki na samaki.

Agosti mwishoni, jenomu ya kamongo

Tumekwama kwenye bando. Jenomu ya kamongo iliyosomwa, ya spishi ya Afrika Magharibi Protopterus annectens, ilitoka 2021, na ina herufi kama bilioni 40. Ya binadamu ni bilioni 3 na ushee. Kuishusha yote kwa intaneti ya simu ni kupoteza hela, afu hata ikifika laptopu zetu haziwezi kuifungua. Mdogo wetu akapendekeza tuchukue orodha ya protini peke yake, faili dogo tu, na kweli ikashuka mchana huohuo.

Tukatafuta Hox ndani yake, na kamongo ana vishada vinne. Jenomu kubwa mara kumi na tatu ya kwetu, vishada ni vilevile vinne. Unene wote ule ni DNA za kurukaruka, vipande vinavyojinakili vyenyewe na kujipachika huku na kule, sio jeni mpya za kupanga mwili. Nimelala naifikiria hii. Mtu akikwambia mnyama fulani ana DNA nyingi usidhani ana jeni nyingi, hayo mambo mawili yanaenda kila moja na njia yake.

Septemba, mti wa kwanza

Tumechukua protini zote za Hox za binadamu, tumezitumia kutafuta ndugu zao kwa sato, kwa furu, kwa kamongo, kuku na amfioksi kwa programu ya BLAST, tumezipanga mistari kwa MAFFT, herufi zinazolingana zikae chini ya zenzake, afu tukamwachia IQ-TREE, programu ya kuchora mti, usiku kucha.

Mti umetoka na una mambo mawili. La kwanza linafurahisha, zile namba za Hox (namba ni nafasi ya jeni kwenye foleni, herufi ni kishada chake) zimejikusanya zenyewe, Hox1 zote za wanyama wote tawi moja, Hox4 tawi moja, Hox13 tawi moja, yani Hox4 ya sato iko karibu na Hox4 ya binadamu kuliko ilivyo karibu na Hox5 ya sato mwenyewe. Maana yake hizi namba ni za zamani kuliko wanyama wenyewe, foleni ilishapangwa kabla ya samaki wa kwanza. La pili linasumbua, ndani ya kila namba matawi hayasemi chochote cha uhakika. Ukitaka kujua Hoxa4 na Hoxd4 zina undugu gani zaidi ya Hoxb4 na Hoxc4, namba za kujiamini ziko chini sana, ukibadilisha kidogo tu mpangilio matawi yanahama.

Na sababu iko wazi ukikaa nayo. Amino asidi 60 ni chache mno, afu zimebanwa, kila moja ina kazi ya kushika DNA kwahiyo haziruhusiwi kubadilika ovyo, hakuna alama za kutosha za kusoma historia ya miaka milioni mia nne na zaidi. Nje ya zile 60 protini inabadilika haraka mno mpaka huwezi hata kuzipanga mistari. Na kurudufu kule mara mbili inawezekana kulifuatana kwa karibu, kwahiyo hata alama zilizokuwepo ni kidogo. Hili ni la familia nzima ya Hox, kila aliyewahi kuchora huu mti anakutana nalo.

Septemba, majirani

Kijana wetu wa kompyuta kauliza swali zuri sana, kasema kama jeni yenyewe haisemi, si tuulize majirani zake? Na hiyo ndiyo njia yenyewe. Jenomu ikirudufu hainakili Hox peke yake, inanakili mtaa mzima, kwahiyo jeni zilizokuwa zinakaa jirani na Hox nazo zinapata nakala.

Tumekaa siku nzima na ramani za kromosomu na imekaa vizuri hadi raha. Kwa binadamu pembeni ya kishada A kuna Evx1, pembeni ya D kuna Evx2. Kwenye kromosomu hizohizo kuna jeni za Dlx, zinakaa mbilimbili, Dlx5 na Dlx6 ziko kromosomu ya 7 na kishada A, Dlx3 na Dlx4 ziko ya 17 na kishada B, Dlx1 na Dlx2 ziko ya 2 na kishada D. Kishada C hakina jozi yake, ilipotea. Kwahiyo hata kama mti wa amino asidi unayumba, mtaa unakwambia hiki ni A, hiki ni D. Tukaenda kwa sato kufanya hivyohivyo, na hapo ndipo tulipofaidika na uamuzi wa kumtumia sato kama kiongozi, jenomu yake imeshasomwa upya kwa teknolojia ya vipande virefu na vishada vimekaa vizima. Ya furu tuliyonayo, Pundamilia nyererei, ni ya vipande vifupi, kishada kinaanzia kipande hiki kinaishia kingine, kwahiyo kila tukipata Hox ya nyererei tunaipeleka kwanza kwenye ramani ya sato.

Kwa ambaye hamjui, nyererei ni furu wa Ghuba ya Mwanza, dume lake mgongo mwekundu, alipewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Mwaka 2014 jenomu yake ilitangazwa pamoja na ya sato na za sikilidi (familia ya sato na furu) wengine watatu wa Afrika. Mimi nilivyoiona ile orodha ya spishi tano mara ya kwanza nilijisikia vizuri sana, ukweli ndio huo.

Septemba, saba na saba

Hii lazima niiandike kwa urefu.

Kila kitabu kinasema teleosti wana vishada saba. Zebrafishi, yule samaki mdogo wa maabara anayetumika dunia nzima, ana saba. Sato ana saba. Ukiishia kwenye namba unadhani walipoteza kimoja babu yao mmoja na habari imeisha. Tulivyoweka majirani pembeni ikaonekana kile kile ambacho watafiti wa hizi jeni walishakieleza, sio saba zilezile! Baada ya kurudufu kila kishada kilipata a na b, Aa na Ab, Ba na Bb, Ca na Cb, Da na Db. Zebrafishi amebaki na Ca na Cb zote mbili ila Db imekwisha, jeni zake zote za Hox zimefutika, mahali pake pamebaki kipande kidogo tu cha RNA ndogo kinachoonyesha hapa palikuwa na kishada. Sato na furu wamefanya kinyume, Da na Db zipo, Cb ndiyo imeenda.

Yani babu yao wa mwisho wa pamoja bado alikuwa na vyote vinane, kila upande ukapoteza cha kwake baadaye. Na hapa dagaa anaingia, kwa sababu dagaa wetu wa ziwa hili, Rastrineobola argentea, yuko familia moja na zebrafishi. Kwahiyo kwenye sahani moja ya Mwanza ukiwa na sato na dagaa una pande mbili za huo mgawanyiko wa zamani. Dada kaipenda hii kuliko zote, amesema ataibeba hivyohivyo darasani.

Kupotea kwa nakala wala sio ajali ya nadra. Baada ya jenomu kurudufu nakala nyingi zinakufa, ndiyo hali ya kawaida, kinachohitaji maelezo ni zile zilizobaki.

Septemba

Umeme umekatika tangu mchana. Mti wa Hox9 mpaka 13 utarudiwa kesho.

Oktoba, darasani

Dada amewapa wanafunzi wake mti na ramani, mimi nilienda kusaidia kujibu maswali. Swali la kamongo lilienda kama alivyotabiri, wengi walimpeleka kwa sato, walipoona tawi lake limekaa na kuku na binadamu pakawa na kelele za furaha darasa zima.

Swali gumu lilitoka kwa binti mmoja wa nyuma. Kasema, mwalimu, kama sato ana vishada saba na sisi tuna vinne, mbona mwili wa sato hauna mambo mengi kutuzidi? Nikamwambia umeuliza swali ambalo huu mradi unazunguka humohumo. Nakala nyingi hazileti mwili wenye mambo mengi moja kwa moja. Nikawapa mifano ya panya kwa sababu huko majaribio yamefanyika wazi.

Wa kwanza, Hox10. Panya ana tatu, Hoxa10, Hoxc10 na Hoxd10. Ukiondoa moja badiliko ni dogo. Mwaka 2003 Deneen Wellik na Mario Capecchi walitangaza panya walioondolewa zote tatu, na mbavu zikaota mpaka kiunoni, pale ambapo panya wa kawaida hana mbavu kabisa. Maana yake kazi ya "hapa usiweke mbavu" ilikuwa imeshikwa na nakala zote tatu kwa pamoja, moja ikikosekana nyingine zinaziba.

Wa pili ndio unaonigusa mimi zaidi. Hoxa3 na Hoxd3 ni nakala za jeni moja ya zamani. Panya akikosa Hoxa3 hapati tezi ya thaimasi na koo linaharibika, akikosa Hoxd3 mifupa ya juu ya shingo ndiyo inayoharibika. Ukisikia hivyo unasema basi, hizi protini mbili zimeshakuwa vitu viwili tofauti. Mwaka 2000 watu wa maabara ya Capecchi wakazibadilishana, sehemu inayotengeneza protini ya d3 wakaiweka mahali pa a3, na ya a3 mahali pa d3, wakaacha swichi za pale pale zilivyo, yani DNA za jirani zinazoamua jeni iwake wapi na lini. Panya wakawa wazima. Protini zilikuwa bado zinaweza kufanya kazi ya mwenzake miaka yote hiyo, kilichokuwa kinatofautiana ni wapi, lini na kwa kiasi gani zinawashwa.

Tatu, kwa samaki sasa. Panya ana jeni ya En1 (ya familia ya engrailed) inayofanya kazi kwenye chipukizi la mguu na pia kwenye neva fulani za ubongo wa nyuma na uti wa mgongo. Zebrafishi baada ya kurudufu ana mbili, moja inaonekana kwenye chipukizi la pezi, nyingine kwenye zile neva. Ni kama ndugu wawili walioachiwa shamba moja, mmoja akashika bondeni mwingine akashika mlimani, hakuna aliyeongeza ekari lakini sasa hakuna anayeweza kuondoka maana upande wake utalala. Mwaka 1999 Force, Lynch, Postlethwait na wenzao walitumia mfano huohuo wa engrailed kueleza kwa nini nakala nyingi zinabaki bila hata kupata kazi mpya.

Yule binti akasema kwahiyo tuhesabu swichi, tusihesabu jeni. Nikamwambia ndiyo hasa, na swichi kuzihesabu ni kazi ngumu kuliko jeni.

Oktoba, furu

Tangu darasani nimekuwa nikifikiria furu, maana kwao hii hoja ndiyo inakaa kwa nguvu zote. Ziwa hili lilikauka kama miaka 15,000 iliyopita, na furu wanaokadiriwa spishi 500 hivi wa hapa wametawanyika baada ya hapo, wanaokula mwani, wanaokula konokono, wanaokula samaki wenzao, wa mawe na wa tope. Hapo hakuna muda wa kutengeneza kishada kipya cha Hox. Tumelinganisha Hox zote tulizozipata kwa nyererei na za sato, na hao hata hawako karibu sana kiukoo, lakini sehemu ya homeoboksi kwa jeni nyingi ni herufi kwa herufi sawa kwenye amino asidi. Sasa kati ya furu na furu utategemea nini? Tofauti zao lazima tuzitafute kwenye swichi na kwenye kuchanganyika kwa aina za zamani za jeni zilezile. Kuchanganyika kwenyewe kupo, ilishaonyeshwa kwamba furu wa ukanda huu wametokana na mchanganyiko wa koo mbili za zamani, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Naili ya juu.

Mfano mzuri kabisa ni yale madoa ya njano kwenye pezi la chini nyuma la dume la furu. Jike la furu anabeba mayai mdomoni, akishataga anayaokota haraka, dume anamwonyesha lile pezi lenye madoa yanayofanana na mayai, jike akisogea kuyaokota anavuta mbegu za dume na mayai yanarutubishwa humohumo mdomoni. Sasa mwaka 2014 ilitangazwa kwamba jeni moja inayohusika na hayo madoa ni fhl2b. Hiyo ni nakala, mwenzake ni fhl2a, zote mbili zimetokana na ule urudufu wa teleosti wa miaka milioni 320. Na kwa furu kuna kipande cha DNA ya kurukaruka kilichojipachika karibu na fhl2b na kuigeuza swichi yake, ikaanza kuwaka kwenye seli za rangi zinazong'aa. Kwahiyo una nakala ya zamani sana, imekaa imekaa, afu kipande kidogo kinaangukia jirani na rangi mpya inazaliwa.

Kile kile kilichoijaza jenomu ya kamongo mpaka ikawa bilioni 40, kwa furu kimechora doa. Hapa nimepiga kelele peke yangu mbele ya kompyuta.

Nimeongeza fhl2 kwenye orodha ya mradi ingawa haimo kwenye Hox. Mti wake umetoka safi sana, a na b za teleosti zimeachana vizuri, kamongo, kuku na binadamu wana moja moja na wamekaa nje ya zote mbili, ndivyo inavyotakiwa kuwa kama urudufu ulitokea baada ya kamongo kuachana na teleosti. Kwa kufundishia huu ni bora kuliko ule wa Hox, mwanafunzi anauelewa kwa kuutazama tu.

Oktoba, lampri

Kuna msomaji kaniuliza mbona lampri hayupo, yule samaki asiye na taya. Tumemjaribu na kumtoa. Lampri ana vishada sita vya Hox, na picha inayokubalika sasa ni kwamba urudufu wa kwanza tunashirikiana naye, wa pili ni wa wenye taya peke yetu, na yeye akaongeza wa kwake kivyake. Zaidi ya hapo protini zake zina mwelekeo wa ajabu wa herufi, zinavuta matawi mahali pasipo pake kila unapoziweka. Kwa mti wa sekondari anachanganya zaidi ya kusaidia. Tutamrudisha kwenye toleo kubwa.

Novemba, Dlx na taya

Mvua zimeanza, barabara ya kwetu imekuwa mto, kwahiyo kila mtu anafanyia kazi kwake na tunatumiana faili usiku.

Tumeamua familia inayofuata ni Dlx, wale majirani wa Hox waliotusaidia Septemba, kwa sababu ukiongelea furu bila kuongelea taya umeacha nusu ya habari. Hesabu yake ni hii: amfioksi ana Dlx moja. Kwa ukoo wetu ilijinakili pembeni yake yenyewe zikawa jozi, jozi ikarudufu na jenomu mara mbili zikawa jozi nne, ile ya kishada C ikapotea, zikabaki tatu, jeni sita, na ndizo alizonazo binadamu. Teleosti wangetakiwa kuwa na 12, zebrafishi amebaki na 8.

Kazi yake ndiyo inayonivuta. Panya akiondolewa Dlx5 na Dlx6 kwa pamoja, taya la chini linaota na sura ya taya la juu, hilo lilitangazwa 2002 na makundi mawili tofauti. Jozi moja ya jeni ndiyo inayoliambia taya wewe ni la chini. Na furu hana taya moja, ana la mdomoni na lingine kooni la kusagia, wale wanaokula konokono wamelifanya hilo la koo kuwa nene kweli, ukilishika mkononi unaona meno yamekuwa kama kokoto. Kwa sikilidi wa Malawi ilionyeshwa 2009 kwamba meno ya koo yanaota mahali ambapo Hox zimewaka na meno ya mdomo yanaota mahali ambapo Hox hazipo, lakini mtandao wa jeni za kutengeneza jino lenyewe, Dlx zikiwemo, ni uleule. Hoja yao ni kwamba jino lilianza kuota kooni kabla ya taya za mdomo kuwepo, afu mtandao mzima ukahamia mdomoni.

Dada amepata taya la koo la furu mla konokono kutoka kwa mvuvi wa Luchelele, limeshachemshwa na kukaushwa, liko kwenye kopo pamoja na la sato.

Mti wa Dlx umemaliza kukimbia jana usiku. Tofauti na Hox, huu una nguvu, jozi tatu zimejitenga vizuri na za kamongo zimekaa na zetu kila moja mahali pake, Dlx moja ya amfioksi imekaa nje peke yake. Faili za protini na mistari iliyopangwa ziko kwenye folda ya pamoja, anayetaka kurudia hesabu kwa kompyuta yake azichukue tu. Familia ya Pax ndiyo inayofuata, binadamu ana tisa kwenye makundi manne, na tunaanza na Pax6 ya jicho kwa sababu wanafunzi wa dada wameichagua wenyewe.